Mahali pa Kuweka Programu Ndogondogo

Siku mliponiaga, vijana wa chumba cha kompyuta, mliniomba niseme neno. Niliposimama nikaona pilau inapoa na watu wote wanaitazama, nikasema asante nikakaa. Neno lenyewe ndilo hili. Ni refu kuliko ambavyo pilau ingevumilia.

Habari za vyeo sitaandika. Vilikuja, vingine vikichechemea, na mshahara wangu mnaujua kwa sababu ninyi ndio mliokuwa mkiuchapisha. Nitaandika juu ya jambo moja lililonisumbua miaka mingi na kunifurahisha miaka hiyohiyo: tuziweke wapi programu ndogondogo. Nasema zile zisizo na picha wala vitufe. Unaandika jina lake kwenye skrini nyeusi, unabonyeza, inafanya kazi moja, inanyamaza. Hospitali yetu iliendeshwa na madaktari, wauguzi na hizo. Madaktari hawapendi nikisema hivyo, ila wauguzi wanakubali.

Nilianza kazi Mbeya, mwezi ule ambao baridi inashuka kutoka mlimani na watu wanatembea wamekunja mikono. Mimi ni mtoto wa Tukuyu, mvua naijua, lakini baridi kavu ile ilinishangaza. Chumba cha kompyuta kilikuwa zamani stoo ya mashuka, na mpaka leo ukifungua kabati la nyuma utasikia harufu ya sabuni ya mche. Bosi wangu aliitwa Swalehe, mtu mwembamba mwenye kofia ya kufuma na skafu shingoni. Babu yake alitoka Kilwa kuja kuuza vitambaa Mbeya, na Swalehe alizungumza Kiswahili kilichonyooka hata akikasirika. Wote tulimwita Mwalimu.

"Karibu, binti. Umevaa sweta?" akaniuliza.

"Nimevaa, Mwalimu."

"Basi nusu ya kazi unaijua."

Akanikalisha mbele ya skrini akaniambia niandike amri ya kuuliza tarehe. Nikaandika, tarehe ikatokea.

"Nani amekujibu?"

"Kompyuta."

"Siyo. Imekujibu programu, nayo inakaa mahali fulani. Kompyuta ina orodha ya folda za kutafutia. Ukiandika jina, inafungua folda ya kwanza. Ikilikosa inakwenda ya pili, kisha ya tatu. Ikilikuta, inaishia hapohapo, haiulizi kama mbele kuna mwingine mwenye jina hilo. Ikilikosa kote inakuambia haimjui. Ukilielewa hilo, hutakuja kunililia."

Nililielewa. Kulia nililia kwa mambo mengine.

Programu yangu ya kwanza kuandika ilikuwa ya kuchapisha lebo za chupa za vipimo maabara. Kabla yake lebo ziliandikwa kwa mkono, na mwandiko wa wataalamu wa maabara mnaujua. Nikaiita lebo, nikaijaribu, ikatoa vibandiko vizuri vimenyooka kama meno ya mtoto wa shule. Nikamwita Mwalimu aone. Akavitazama, akatabasamu, kisha akauliza swali ambalo lilikuja kuwa kazi yangu yote.

"Umeiweka wapi?"

"Kwenye folda yangu ya nyumbani."

"Na maabara watafikaje nyumbani kwako? Kesho ukishikwa na malaria ukalazwa wodi ya tatu, nani atachapa lebo ya damu yako wewe?"

Nikaihamisha. Nikaona folda ya /usr/bin imejaa programu nyingi, kila mtu anaifikia, nikaitia humo. Mwalimu akatikisa kichwa. Akasema ile ni ya waliotengeneza mfumo wenyewe, na siku wakileta toleo jipya watapanga vitu vyao kama wanavyotaka, bila kuuliza hiki ni cha Atupele, yaani mimi, au cha nani. Ndipo akanionyesha folda ya /usr/local/bin. Ilikuwa tupu kabisa.

"Hii waliiacha wazi kwa ajili ya wenyeji," akasema. "Wao hawaigusi. Wenyeji ndio sisi."

Alisema hivyo kwa furaha ya mtu aliyepewa kiwanja. Tukaiweka lebo humo, ikawa ya kwanza.

Tangu siku hiyo, kila nilipoandika programu, Mwalimu aliniuliza maswali yaleyale. Nani ataiita? Nani ataitunza ukiondoka? Mfumo ukibadilishwa, itapona? Mwanzoni nilijibu kwa unyenyekevu, baadaye kwa uchovu, na mwishowe nikawa najiuliza mwenyewe kabla hajafika, nikimwona tu anavuka uwanja na kikombe chake cha kahawa ya tangawizi.

Programu ziliongezeka. Kulikuwa na ya kuhesabu vidonge vilivyobaki famasi, ya kupanga zamu, ya kukumbusha kliniki ya wajawazito, na nyingine nyingi. Kulikuwa na tuma, ambayo ilichukua namba za simu na kuzipelekea ujumbe wa kuomba damu, na chuja, iliyochagua wachangiaji wa damu kwa kundi. Hizo mbili ziliunganishwa kwa ule mstari wima mnaoujua: kilichotoka kwa chuja kinaingia kwa tuma. Mtumiaji wake mkubwa alikuwa Sista Tusekile wa benki ya damu, Mnyakyusa mwenzangu, mama mnene mwenye sauti ya upole ambayo hakuna aliyewahi kuikatalia jambo. Alichapa kwa kidole kimoja, taratibu, kama anayetafuta mshipa, na sikumbuki akikosea herufi.

Kisha mfumo ulibadilishwa kwa toleo jipya. Ulikuwa wikiendi, na Jumatatu nilifika kazini mapema kuona kama lebo imepona. Sista Tusekile alikuwa ameshawahi. Akaandika lebo, akabonyeza, mashine ikanguruma, vibandiko vikatoka.

"Kuna tatizo?" akaniuliza, kwa jinsi nilivyomtazama.

"Hakuna, Sista."

"Basi mbona unataka kulia?"

Saa nne Mwalimu aliletea chumba kizima sinia ya sambusa, na alipoulizwa ni ya nini akasema ni ya wenyeji.

Miaka ikaenda. Mwalimu akastaafu, mimi nikahamishiwa hospitali yetu ya Iringa. Siku ya kwanza nilipokelewa getini na kijana mrefu mwenye tai ya kwaya, akaniambia "kamwene", salamu ya Kihehe, na kunipokea begi kabla sijajua nijibu nini. Huyo ndiye Lukelo, mtu ambaye nimebishana naye kuliko mume wangu, na nampenda karibu sawa.

Tulianza kubishana kabla ya chakula cha mchana. Nilimwomba anionyeshe programu zao, akanionyesha. Kila moja ilikuwa na folda yake peke yake, ndani yake programu, maelezo yake na mipangilio yake. Kisha kila folda ilikuwa imeongezwa kwenye ile orodha ya kutafutia. Nikaiomba kompyuta inionyeshe orodha. Ikajaza skrini.

"Lukelo, hii nini?"

"Ni utaratibu, dada. Nikitaka kuiondoa programu, nafuta folda moja, imekwisha. Wewe umezirundika zote mahali pamoja. Ukitaka kuondoa yako, utajuaje maelezo yake ni yapi na mipangilio yake ni ipi?"

Swali lilikuwa la haki. Hilo liliniudhi.

"Na mimi," nikamwambia, "nikitaka kujua tuna programu gani, nafungua folda moja nazisoma. Wewe inabidi upite mtaa mzima unabisha hodi."

Lukelo ana besi nzuri, na akikosa hoja anaanza kuimba. Basi akaimba. Mabishano hayo yaliendelea miaka, mezani, kwenye ugali na majani ya maboga, mpaka wenzetu wa fedha wakaomba wahamishiwe meza nyingine. Msidhani tulikuwa na ugomvi. Ukipata mtu wa kubishana naye juu ya kitu mnachokipenda wote, kazi haichoshi.

Kisha ofisi ya juu ikaamua hospitali zote mbili, pamoja na zahanati za Chunya, Makongolosi na Rujewa, zitumie seva moja, na seva hiyo ikae Mbeya. Mimi na Lukelo tukapanda basi kwenda kuziunganisha. Tulikuwa na programu za Mbeya katika folda moja na za Iringa katika folda nyingi, na swali lilelile: sasa zote tuziweke wapi? Tulibishana kutoka Ipogolo mpaka Makambako. Kondakta akadhani tunagawana urithi. Tulipofika Igawa tukakubaliana tuziache kwanza kama zilivyo, kila upande kivyake, na uamuzi tuutoe baada ya Pasaka. Kwa kuwa orodha ya kutafutia ilihitaji mpangilio wa namna fulani, ikapangwa kwa alfabeti. Iringa inaanza na I. Mbeya inaanza na M. Hakuna aliyeona ubaya.

Siku chache baadaye, asubuhi, gari la wagonjwa lilitoka Makongolosi likiwa na mama kijana. Alikuwa amejifungua mapacha zahanati, watoto wazima, lakini yeye damu ilikuwa haikomi. Mumewe, mchimbaji mdogo wa dhahabu, alikuja naye akiwa bado na vumbi jekundu mpaka kwenye kope, amembeba pacha mmoja na muuguzi amembeba mwingine. Kundi la damu la yule mama lilikuwa O hasi, ambalo kwetu wenye nalo ni wachache, na friji ya Sista Tusekile ilikuwa na chupa ambazo zingemtosha kwa muda mfupi tu.

Mimi na Lukelo tulikuwa palepale ofisini kwake tukibadilisha waya. Sista akakaa, akavuta kibodi, akachapa kwa kidole chake kimoja: chuja O hasi, mstari wima, tuma. Skrini ikajibu kwamba ujumbe umetumwa. Akainuka kwenda kuandaa vitanda vya kutolea damu.

Mtu wa kwanza alifika upesi kuliko tulivyotegemea. Alikuwa mwalimu wa sekondari kutoka Iyunga, chaki bado mikononi, na uso wake haukuwa na rangi.

"Shikamoo, Sista. Nimeitwa."

"Marahaba, mwanangu. Ahsante kwa kuja haraka. Panda kitandani."

"Sista, naomba uniambie tu. Ni nini mmekiona?"

Sista Tusekile akamtazama. "Tumekiona wapi?"

Yule mwalimu akampa simu. Sista akasoma, kisha akanipa mimi. Ujumbe uliandikwa hivi: Majibu yako ya maabara yako tayari. Tafadhali fika hospitali leo.

Nikampa Lukelo. Akasoma, akafumba macho. "Huo ni ujumbe wetu," akasema polepole. "Huo ni wa Iringa."

Hatukuwahi kulinganisha majina, miaka yote ile ya kubishana juu ya folda, na kumbe Iringa nao walikuwa na programu inayoitwa tuma. Ya kwetu Mbeya iliomba damu. Ya kwao iliwaita wagonjwa kuchukua majibu. Zote zilipokea namba za simu, zote zilikuwa na adabu, na kompyuta ilipotafuta jina hilo ilikuta la Iringa kwanza ikaishia hapo, kama Mwalimu Swalehe alivyonifundisha siku ya kwanza. Wachangiaji wetu wote wa O hasi, watu ambao damu yao huwa inapimwa kila wakichangia, walikuwa wameambiwa waje leo kuchukua majibu.

Lukelo alishafika kwenye kibodi. Safari hii aliita tuma ya Mbeya kwa anwani yake nzima, folda kwa folda, akaandika na maneno mapya: Samahani sana. Ujumbe wa kwanza si wako. Damu yako haina tatizo. Kuna mama anaihitaji, tunakuomba uje. Akabonyeza. Tukamtazama Sista, tukingoja tusikie.

"Wangapi watakuja sasa?" nikamuuliza.

"Hao wa hofu watakuja," akasema. "Wa damu, tutaona." Kisha akamgeukia yule mwalimu, akamshika mkono. "Mwanangu, wewe ni mzima. Mashine ndiyo imechanganya majina. Huku ndani yuko mama wa mapacha, na kundi lake ni kama lako."

Yule mwalimu alivuta pumzi ndefu mpaka shati likamtoka kwenye suruali. Kisha akaanza kucheka. Akapanda kitandani akicheka, na muuguzi akamwomba atulie kwa sababu mkono ulikuwa unatikisika.

Wakaendelea kuja. Akaja muuza mitumba wa Mwanjelwa na dada yake wa kumshika mkono. Akaja fundi wa Uyole, aliyesoma ujumbe wa pili njiani akiwa juu ya bodaboda, na akasema alimwambia dereva aongeze mwendo badala ya kugeuza, kwa kuwa sasa alikuwa anakwenda kwa furaha. Kila mmoja alieleza kwenye benchi alivyopokea ile habari, na kila aliyefika alikaribishwa na kicheko cha waliotangulia. Daktari alitoka thieta kuuliza ni sherehe ya nani. Sista akampa chupa ya damu, naye akarudi ndani mbio.

Wa mwisho aliingia kabla ya mchana, Mzee Mwasenga, mkulima wa tumbaku kutoka Chunya. Alivaa suti, na nyuma yake alikuwa mkewe, mchungaji wao, na mtoto wake mkubwa. Alikuwa ameizima simu mara tu baada ya kusoma ujumbe wa kwanza, kwa sababu, alisema, habari mbaya mtu hapokei mara mbili. Njia nzima alikuwa anamweleza mtoto wake shamba lipi ni la nani.

Sista Tusekile alimkalisha, akamweleza yote, bila kuruka kitu. Mzee alisikiliza amekunja mikono juu ya fimbo.

"Kwa hiyo sifi?"

"Utakufa, mzee wangu, lakini siyo kwa majibu haya."

Mzee Mwasenga akageuka kwa mtoto wake. "Yale niliyosema garini, yasahau." Kisha akavua koti la suti, akakunja mkono wa shati, akauliza kitanda ni kipi. Mchungaji aliuliza kama na yeye anaweza kuchangia ingawa kundi lake ni jingine. Akaambiwa friji haibagui.

Alasiri daktari alitoka bila kofia, akasema damu imekoma na mama ameomba chai. Mumewe alikuwa amekaa sakafuni kwenye korido na mapacha wote wawili mapajani. Aliinuka, akapita kwenye benchi akimshika mkono kila aliyekaa pale na plasta mkononi, mmoja baada ya mwingine, na alipofika kwangu na Lukelo akatushika na sisi, ingawa hatukuwa na plasta. Nikamwambia kwa Kinyakyusa, bila kufikiri, "Ndaga fijo," asante sana, kana kwamba yeye ndiye aliyenisaidia. Akacheka. Na ni kweli nilitaka kumshukuru mtu.

Wiki hiyo daktari mkuu alituuliza kwa utani kama tungeweza kukosea tena mwezi ujao, kwa maana benki ya damu haijawahi kujaa vile. Sista Tusekile alimtazama mpaka akakumbuka kuwa ana kikao.

Uamuzi hatukungoja Pasaka. Tulikaa kwenye chumba cha chai cha wauguzi, mimi, Lukelo, Sista, na Mwalimu Swalehe ambaye tulimfuata nyumbani. Alikuja na skafu ileile. Jambo la kwanza alilosema ni kwamba katika ule ujumbe wa majibu "yako" mbili zinachosha masikio, tuandike "yapo tayari". Tukaandika.

"Sasa semeni," akatuambia. "Mnabishania nini?"

Lukelo akaeleza folda zake, mimi nikaeleza yangu. Mwalimu akatikisa kichwa kwa wote wawili.

"Lukelo anazungumzia programu inakaa wapi. Atupele anazungumzia inaitiwa wapi. Mbona hayo ni maswali mawili?"

Lukelo hata hakuimba.

Ndivyo tulivyoamua, na ndivyo mlivyokuta. Kila programu inakaa katika folda yake, na maelezo yake na mipangilio yake, kama Lukelo alivyotaka. Kisha katika ile folda moja ya wenyeji hakuna programu, kuna viungo tu, kila jina linaelekeza kwenye programu yake, kama nilivyotaka mimi. Orodha ya kutafutia ikafupika ikatosha mstari mmoja. Na kwa kuwa majina yote yamo katika folda moja, majina mawili yanayofanana hayawezi kukaa. Ukijaribu, kompyuta inakukatalia hapohapo mchana kweupe, siyo siku mama anavuja damu.

Yakabaki majina. Mimi nilipendekeza tuma-mbeya na tuma-iringa. Sista Tusekile akaweka kikombe chini.

"Mimi nikikaa pale siendi kutuma," akasema. "Naomba damu. Kwa nini nisiandike hivyo?"

Programu ikaitwa omba-damu. Ya Iringa ikaitwa ita-majibu.

Kuzipitia zote kulituchukua muda mrefu, na ilikuwa kazi tamu kuliko zote nilizofanya. Kila siku tulikuta kitu. Tulikuta ya kupima muda wa kuchemsha vyombo ambayo jiko la wagonjwa walikuwa wanaitumia kwa mayai. Tulikuta nne zinazofanya kazi ileile, zote zimeandikwa na Lukelo, na akadai kila moja ina sababu yake mpaka nilipomwomba anitajie sababu hizo. Akaimba. Tulikuta moja ndani ya folda ya nyumbani ya Mwalimu Swalehe inayotoa saa ya kufuturu kwa Mbeya. Nikadhani ni yake binafsi, tuiache. Lukelo, Mlutheri wa ubatizo na kipaimara, akakataa. Akasema mwezi wa Ramadhani hospitali nzima huichungulia, Waislamu wajue saa ya kufungua na Wakristo wajue saa ambayo foleni ya uji itakuwa ndefu. Tukauliza maswali yetu. Nani ataiita? Wote. Ikaingia kwenye folda ya wenyeji.

Baada ya hapo tulizunguka zahanati kuziweka programu kwenye kompyuta zao, maana mtandao ukikatika nao wanahitaji kufanya kazi. Zamani safari kama hizo zilikuwa adhabu. Unafika Makongolosi, unaifungua kompyuta, kwanza unapuliza vumbi, kisha unatafuta ni nani aliweka nini wapi, mpaka jua linazama. Sasa tulikuwa tunanakili folda zetu kutoka kwenye flashi, tunatengeneza viungo, tunamwomba muuguzi aandike jina la programu, inakuja. Rujewa tulimaliza kabla maji ya chai hayajachemka, mganga akadhani hatujaanza. Ikabidi tukae tule wali, na wali wa Rujewa unaujua mwenyewe ukiukuta. Tulichelewa kuondoka kwa sababu ya wali tu.

Mengine mliyaona wenyewe, maana mlikuwa mmeshaajiriwa. Mwaka wangu wa mwisho nilirudi Iringa, ikawa kazi yangu kubwa ni kupita nyuma ya viti vyenu na kikombe, nikiuliza. Mmoja wenu aliniambia hajui programu zetu zinakaa wapi kwa sababu hajawahi kuhitaji kujua. Alidhani nitamkaripia. Nilimnunulia soda.

Wiki iliyopita nilikuwa shambani Kilolo, kwa mume wangu, nimeinama kwenye matuta ya viazi, simu ikalia. Alikuwa Upendo, yule binti wa zahanati ya Rujewa aliyeajiriwa nikiwa nakaribia kustaafu. Akasema ameandika programu yake ya kwanza, inasoma joto la friji ya chanjo na kupiga kengele umeme ukikatika. Nikanyoosha mgongo, nikajiandaa kuuliza.

Hakunipa nafasi. Akasema ameitengenezea folda yake, maelezo ameyaweka humo, kiungo kipo kwenye folda ya wenyeji, jina ameangalia kwanza kama lipo na halikuwepo. Mganga anaiita, muuguzi anaiita, na ameifundisha zamu zote. Akiondoka itabaki. Amejaribu na kwenye kompyuta iliyobadilishwa mfumo, imepona.

Nilitafuta pa kukosoa, nikakosa.

"Sasa, mwanangu, umenipigia kuuliza nini?"

"Sijapiga kuuliza, Mama Atupele. Nimepiga usikie."

Akasogeza simu karibu na kibodi. Nikasikia vidole vyake, kisha kimya kidogo, kisha sauti yake ikinisomea kilichotokea kwenye skrini: friji ya chanjo, nyuzi nne, hali nzuri.

Nikakaa juu ya tuta, na jembe mapajani.

"Iite tena," nikamwambia.

Akaiita, ikaja.